Sauti ya Gari kwenye Simu

Mambo yote haya yalinigharimu dola sabini na nane, na gari. Nimehesabu mara mbili. Alternateri ya okazi, iliyokwisha kutumika kwingine, sitini. Mkanda wa injini, nane. Kuchaji betri kwa jirani mwenye jenereta, mbili. Kuku, sita. Vinywaji, mbili. Mara ya pili nilihesabu bila kuku, kwa kuwa nami nilimla, ikabaki sabini na mbili. Gari sikulitia kwenye hesabu, kwa sababu bei yake siijui, na mimi si mtu wa kutojua bei ya kitu.

Ninauza mchele na makayabu, samaki wa chumvi, katika soko kuu la Kisangani. Nilizaliwa Lubunga, ng'ambo ya mto, ambako mtoto hujifunza kupatana bei na mwenye mtumbwi kabla hajajifunza kuogelea. Ninasema hivi ili msinione kama mjane mnyonge aliyedanganywa kwa sababu hajui dunia. Dunia ninaijua. Hata kilo zake ninazijua, na ninajua zinavyopunguzwa.

Mume wangu alifariki mwaka jana kwa ugonjwa wa tumbo uliomchukua haraka. Mungu hakutupa mtoto. Marehemu aliacha gari dogo jeupe, ambalo weupe wake ulikuwa umebaki kwenye karatasi tu, na mume wangu alilipenda kama watu wengine wanavyopenda timu inayoshindwa kila Jumapili. Miezi ya mwisho kabla hajaugua, taa nyekundu yenye alama ya betri iliwaka mbele ya usukani na haikuzimika tena. "Betri inalia njaa," alikuwa akisema. Alternateri ndiyo inayoilisha betri umeme injini inapozunguka, na yetu ilikuwa imechoka kulisha. Alifungafunga nyaya zake mwenyewe, akaliegesha gari kwenye mteremko wa nyumba yetu ya Kabondo ili kulisukuma kuwe rahisi, akaendelea hivyo. Kisha akalala kitandani, na gari likalala nje.

Siku ya kumaliza matanga, familia yake ilikaa kugawana vitu kama desturi yao inavyotaka. Televisheni ilikwenda kwa dada yake. Friji ilikwenda kwa tonton, mdogo wa baba yake, ambaye ndiye mkubwa wa familia sasa. Suti tatu zilipata mabega mapya. Walipofika kwenye gari, mmoja akazungusha ufunguo, gari likasema *tk*, basi. Tonton akapiga gurudumu teke.

"Hii iko chuma tu," akasema mbele ya watu wote. "Ibakie na bibi yake. Atafugia kuku ndani."

Watu wakacheka, nami nikacheka kidogo, kwa sababu mfanyabiashara akipewa nyongeza hachagui. Kitanda walikichukua, nikalala chini, lakini asubuhi nilifungua dirisha na gari lilikuwa pale.

Mwaka huu niliamua kulifufua. Watu niliwaambia ni kwa ajili ya magunia: wenye mikokoteni wa pale bandarini wananila hai, na wa toleka, wanaobeba watu na mizigo kwa baiskeli, hutaka nauli ya gunia na nauli ya jasho. Sababu hiyo ni ya kweli, inatosha kumwambia mtu yeyote. Nyingine ni hii: kila asubuhi mume wangu aliwasha gari kwanza, akaliacha likinguruma pale mlangoni, ndipo akaingia ndani kunywa uji. Kila asubuhi nilimpigia kelele, "Unachoma pesa!" Naye kila asubuhi alinijibu, "Iko inapasha mwili." Miaka mingi niligombana na ile sauti kwa sababu ya mafuta. Sasa nilikuwa tayari kuyanunua mafuta hayo mimi mwenyewe, kwa bei ya kwanza, bila kupatana.

Nilimwita shemeji, mdogo wa marehemu. Ndiye pekee wa upande ule aliyeendelea kuja baada ya matanga. Alikuwa akija hata bila sababu, anakaa, anakula, ananiita yaya kama vile mimi ni dada yake mkubwa; kwetu yaya ni dada au kaka mkubwa, na marehemu pia alimwita hivyo. Ufundi wa magari si kazi yake, anafundisha hesabu shule ya msingi, lakini alikulia chini ya magari ya kaka yake.

Jumamosi alikuja na klé zake, zile funguo za kufungulia buloni, yaani boliti, zimefungwa ndani ya soksi. Kwanza alichomoa waya wa betri wenye alama ya kutoa, "ili isitupige shoti," kisha akalegeza buloni ya juu, mkanda ukalegea, akauvua. Mkanda ulikuwa umepasukapasuka kama kisigino cha mkulima. Mimi nilishika bakuli. Kila alichofungua nilikitia ndani na kukihesabu, halafu nikahesabu tena.

"Yaya, unahesabu buloni sawa makayabu."

"Makayabu inaibiwa, buloni inapotea. Yote ni hasara. Leta ingine."

Alternateri ilipotoka tuliiweka juu ya gunia. Waya wake mnene ulikuwa umezungushiwa kitambaa cha bluu chenye mistari, kimekazwa kwa uzi. Nilikitambua. Ni shati ambalo nilimnunulia sokoni na ambalo alinihakikishia kwamba limeibiwa kwenye kamba. Nilikuwa nimemgombeza jirani kwa sababu ya shati lile! Shemeji aliona ninavyokitazama, akajifanya anatafuta kitu chini ya gari.

Alasiri ile ile niliitia alternateri ndani ya beseni, nikaifunika kwa kitenge, nikaibeba kichwani hadi kwa wauza vipuri. Njiani mteja wangu mmoja akauliza, "Mama, leo una samaki gani?" Nikamwambia, "Huyu ana mifupa mingi, hutamuweza."

Mwenye duka ni mtu wa Butembo, Mkatoliki mzuri mwenye rozari ukutani na bei za kumtoa mtu machozi. Aliigeuza yangu, akaenda nyuma, akarudi na nyingine inayofanana nayo.

"Tisini."

"Tisini ya nini, papa? Nimekuja na kichwa yangu, sikuja na gari ya ministre."

"Mama, hii iko okazi ya Ulaya."

"Hata mimi natoka Ulaya. Ulaya ya Lubunga. Arobaini."

"Arobaini! Unataka watoto wangu balale njaa?"

"Watoto yako nabajua, banakula mchele yangu. Bananona. Arobaini na tano."

Tuliendelea hivyo mpaka kivuli cha paa kikahama. Niliizungusha puli yake kwa kidole nikisikiliza kama inakwaruza, nikaondoka mara mbili, akaniita mara mbili. Tulifika sitini na tano. Hapo akasema jambo ambalo kwa kawaida mimi ndiye husema.

"Bon, mama. Ile ya zamani uniachie, iko na shaba ndani. Nitakufanyia sitini."

Dola tano kwa chuma kilichokufa. Maishani mwangu sijawahi kukataa punguzo. Nikatazama kile kitambaa cha bluu.

"Hapana," nikasema. "Ile sipatane."

Akanitazama mimi, akatazama beseni. Sijui aliona nini. Alikuna ndevu, akaweka ile ya okazi karibu na ya zamani, akasema polepole, "Sitini basi. Beba zote mbili." Akaniuzia na mkanda kwa nane, bila hata kutaja kumi kwanza. Nilitoka pale nimeshinda. Alternateri ya zamani niliiweka nyumbani chini ya meza, kitambaa kikiwa bado juu yake.

Jumapili baada ya misa tuliifunga ile nyingine. Buloni ndefu ya chini kwanza, bila kuikaza. Halafu waya mnene, halafu kichomeko chenye nyaya ndogo, halafu mkanda. Kazi ngumu ni kuukaza mkanda: lazima mtu aisukume alternateri nje kwa nguvu huku mwingine akikaza buloni ya juu. Shemeji alitafuta nondo, hakuna. Nikaingia jikoni nikaleta mchi wangu wa kutwangia pondu, majani ya muhogo. Niliuegemeza kati ya injini na alternateri, nikavuta kwa uzito wangu wote, ambao si haba.

"Vuta, yaya! Bado! Vuta sawa unavuta bei chini!"

"Kaza na wewe, mwalimu! Mkono yako iko ya chaki!"

Alikaza. Akabonyeza mkanda kwa kidole gumba, ukacheza kidogo tu, kama inavyotakiwa. Nikahesabu bakuli: tupu. Nikainamisha bakuli nikatazama tena. Tupu. Tukarudisha betri, iliyolala kwenye chaji kwa jirani, tukafunga nyaya zake.

Shemeji akaingia kwenye usukani. Mimi nilisimama mlangoni, mahali ambapo nilikuwa nikisimama asubuhi zile. Gari likakohoa, likanyamaza, likakohoa tena, halafu likashika. Taa nyekundu ikazimika. Shemeji akawasha taa kubwa za mbele, zikawaka nyeupe mchana kweupe wala hazikufifia. Na ile sauti, ile sauti yenyewe, yenye kikwazo kidogo kila baada ya muda kama mtu anayetaka kusema jambo akaghairi, ikajaa uwanja mzima.

Sikulia. Nilitaka kupiga kelele kwamba anachoma pesa.

Aliyelia ni shemeji. Alishuka machozi yakimtoka, anacheka, mikono yote mafuta, na hapo akafanya kosa lake. Mtu mwenye furaha kwetu hakai nayo peke yake. Alichomoa simu, akampigia tonton, akaweka sauti kubwa, akainyoosha simu juu ya injini kama anavyonyanyuliwa mtoto mchanga ili ukoo umwone.

"Tonton! Tonton, sikia! Unasikia? Ni yaya huyo! Yaya iko anasema!"

Shemeji akaisogeza simu karibu zaidi na mkanda unaozunguka.

"Ni nini hiyo?" sauti ya tonton ikauliza.

"Gari ya yaya! Tumeweka alternateri! Iko inalia sawa zamani!"

Tonton akasema taratibu, "Kumbe iko inatembea."

Nimesimama sokoni miaka mingi. Ninamjua mtu anayepita na mtu aliyesimama. Ninaijua sauti ya mnunuzi aliyekwisha kuona anachotaka na sasa anajifanya anatazama kando.

"Kata simu," nikamwambia shemeji.

"Yaya, tonton iko na furaha."

"Kata."

Alikata, akashangaa, akasahau. Tulikula yule kuku. Kisha akanipeleka matembezi hadi karibu na maporomoko ya Wagenia na kurudi. Nilikaa kiti changu cha mbele, chenye tundu la sponji upande wa mlango, nikaingiza kidole katika lile tundu kama nilivyozoea. Mara hiyo moja ndiyo niliyopanda.

Hawakukawia. Wiki ile ile alikuja tonton kutoka barabara ya Banalia, ng'ambo ya daraja la Tshopo anakokaa, pamoja na wazee wawili ambao kazi yao ilikuwa kutikisa kichwa, na nyuma yao shemeji, anatazama viatu vyake. Niliwatolea viti.

"Mama," tonton akaanza, "tumekuja kwa uzuri."

"Karibu, tonton. Nimeweka viti ine. Huyo uzuri atakaa wapi?"

Mzee mmoja alitaka kucheka, akajikumbuka.

"Ni juu ya ile gari."

"Ile chuma, tonton."

"Gari."

"Siku ya kumaliza matanga ulisema chuma. Batu bote balisikia. Ukapiga mupira na muguu."

"Siku ile ilikuwa chuma," akajibu bila hasira yoyote, na hilo ndilo lililoniogopesha. "Mutu akikufa, familia inagawa kile alikuwa nacho. Gari yenye kutembea hatujaigawa bado. Donc kikao haikuisha."

"Kwa hiyo nikiiacha imekufa, iko yangu. Nikiiponyesha, iko yenu."

"Mama, mutu akiponyesha mutoto wa wenyewe, ule mutoto anakuwa wake?"

Wazee wakatikisa kichwa. Sidhani kama alikusudia kunichoma mahali pale pa mtoto. Lakini aliingia hapo hapo.

Halafu nikaanza kufanya kazi yangu, kwa sababu ndiyo ninayoijua. Nikasema gari lifanye taksi, familia ichukue mapato ya kila Jumamosi. Tonton akakataa. Nikasema nusu ya mapato yote. Akakataa. Nikasema nilinunue, ataje bei.

"Familia haiuzishe kitu ya ndugu yao kwa bibi yake. Watu watasema nini?"

Hapo nikajua kwamba nimekutana na mtu asiyeuza, na mtu asiyeuza huwezi kumshinda. Hata hivyo nilishuka tena. Nilishuka mahali ambapo sijawahi kushuka.

"Basi iwe yenu," nikasema. "Yote. Lakini ilale hapa. Shemeji akuje asubuhi, aiwashe hapa mulangoni, aiache kidogo, halafu aende nayo mahali munataka."

Tonton alinikazia macho, naye kwa kweli alikuwa anajaribu kuelewa.

"Kuiwasha hapa kwa sababu gani?"

Nilifungua mdomo. Ninaweza kumweleza mtu kwa nini kilo yangu ni nzito kuliko ya jirani. Ninaweza kumweleza polisi kwa nini leo sina kitu. Hili sikuweza kumweleza. Wazee waliningoja. Shemeji alinyanyua macho kutoka kwenye viatu, na nikaona kwamba yeye ameelewa, na kwamba hatasema, kwa sababu mbele ya tonton mtoto hasemi.

"Bon," tonton akasema na kusimama.

Ufunguo nilimpa shemeji mkononi, si tonton. Ukucha wake mmoja bado ulikuwa na mafuta meusi ya Jumapili.

"Yaya, mi sikujua."

"Najua haukujua. Endesha polepole, mukanda ni mupya."

Lilishika mara ya kwanza. Kazi yetu ilikuwa nzuri, siwezi kusema vinginevyo. Walipanda wote wanne, tonton kwenye kiti changu, wakakata kona, na nikalisikiliza mpaka pikipiki za barabara kubwa zilipolifunika.

Jirani yangu, ambaye anafanya kazi ofisini na anajua mambo ya karatasi, ameniambia sheria iko upande wa mjane, niende mahakamani. Huenda ni kweli. Lakini shahidi wa kwanza atakayeitwa ni shemeji, asimame mbele ya watu aseme dhidi ya tonton wake, au aseme dhidi yangu. Tangu siku ile bado anakuja. Anakula kidogo, anatazama ule uwanja mtupu, anaondoka mapema. Wiki iliyopita aliniambia, bila mimi kuuliza, kwamba gari linabeba abiria vizuri kwenye barabara ya Banalia na taa nyekundu haijawaka tena. Alisema pia kwamba tonton yuko tayari kunirudishia pesa za alternateri na mkanda, dola sitini na nane, nikienda kuziomba kwa heshima mbele ya wazee.

Na hapa ndipo mimi, niliyezoea kufundisha wengine kupatana, ninaomba kufundishwa. Nikienda nikapokea zile pesa, nitakuwa nimekubali mbele ya wote kwamba gari ni lao, na kwamba mimi nilikuwa fundi tu, aliyelitengeneza akalipwa. Nisipokwenda, watasema mjane ameridhika, na kidude kilichowekwa kwa mchi wangu kitaendelea kulilisha gari la mume wangu mahali nisipokuwapo. Nimelipima hivi na hivi, na kila upande unapungua. Ninyi mliokwisha kuzika mume na kukaa kwenye viti na watu wake, tafadhali niambieni mlivyofanya: nikadai pesa zangu, au ninyamaze?